Isle Royale kwa miguu: njia nne, na ipi ni ya kundi lenu?

Karibu kila kundi la marafiki linalopanga safari ya kutembea na mashanta mgongoni huwa na watu wa aina tatu: anayetaka njia ngumu kuliko zote, anayesema "popote mtakapo, mimi nipo," na yule anayenunua viatu wiki moja kabla ya kuondoka. Mkipanga kwenda Isle Royale, mpangieni huyo wa tatu. Kamba hukatikia pabovu, na kisiwani hakuna barabara ambayo gari lingepita kuja kumchukua.

Isle Royale ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Superior. Kiutawala ni cha jimbo la Michigan, Marekani, ingawa pwani za Minnesota na Ontario ziko karibu nacho zaidi. Kina urefu wa kilomita 72 hivi na upana wa 14 mahali kilipotanuka. Ni hifadhi ya taifa tangu 1940, na hufungwa kabisa kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 15 Aprili. Magari hayapo, na hata baiskeli haziruhusiwi. Kuna njia za miguu za takriban kilomita 265 na kambi 36, na mnaweza kuziunganisha mpendavyo. Hata hivyo, ubishi wa marafiki kwa kawaida huishia kwenye mipango minne: Greenstone, Minong, mzunguko wa Feldtmann, au kubaki upande wa Rock Harbor.

Mizani niliyotumia

Nimezipima zote kwa mambo matano. La kwanza ni kufika na kuondoka. Kisiwa kina milango miwili mikubwa, Windigo upande wa magharibi na Rock Harbor upande wa mashariki. Mkiingilia mmoja mkatokea mwingine, ratiba ya boti inakuwa sehemu ya safari. La pili ni ardhi yenyewe, kwa sababu kilomita peke yake hudanganya. La tatu ni maji na malazi. La nne ni mtakachokiona. La tano ni lile ambalo halijadiliwi mpaka lije lenyewe: mmoja wenu akivimba goti siku ya pili, mnatokaje?

Uzuri wa mandhari sikuupa uzito mkubwa. Hakuna njia mbaya pale. Kuna njia isiyolingana na miguu ya mtu.

Yanayowahusu wote, njia yoyote mtakayoshika

Anzeni na idadi yenu. Kundi la watu 6 au pungufu huchukua kibali cha kupiga kambi linapowasili au likiwa kwenye meli ya hifadhi, na halilipii kibali hicho. Wakiwa 7 hadi 10 lazima waombe mapema na walale kwenye viwanja vya makundi, ambavyo havipo katika kila kambi. Kwa hiyo rafiki wa saba, hata awe mpole kiasi gani, anabadilisha mpango mzima. Mkaribisheni mkijua hilo. Kiingilio cha hifadhi ni jambo jingine: dola 7 kwa mtu kwa siku, na watoto wa miaka 15 kushuka chini hawalipi.

Maji ndiyo hatari msiyoiona. Kisiwani kuna tegu anayezunguka kati ya mbwa mwitu na musi, yule mnyama wa jamii ya kulungu wa kaskazini, mrefu kama farasi, mwenye pembe pana kama sinia. Vidonge vya kusafishia maji haviui mayai ya tegu huyo. Ama mchemshe mpaka yatokote, ama mtumie chujio lenye matundu yasiyozidi maikroni 0.4. Mwishoni mwa kiangazi maziwa ya ndani huweza kupata utando wa kijani wenye sumu, na hapo hata chujio halisaidii. Tafuteni maji kwingine.

Kambi nyingi haziruhusu moto wa kuni, basi jiko dogo la gesi ni la lazima. Mkija kwa ndege ya majini msipange kubeba mtungi, kwa kuwa ndege hazipakii gesi wala mafuta ya jiko; mtanunua Windigo au Rock Harbor. Simu hazishiki mtandao. Dubu hawapo, lakini mbweha wapo na ni wezi hodari wasiochagua: chakula watachukua, na kiatu kilichoachwa nje ya hema pia. Tundikeni chakula au kiwekeni kwenye kopo gumu, na msome masharti ya hifadhi ya mwaka huo kabla ya kuondoka, maana yamekuwa yakikazwa.

Bebeni pia chakula cha siku moja ya ziada. Ukungu na mawimbi ya Superior huzuia boti bila kujali kwamba Jumatatu mnatakiwa kazini.

Usafiri wenyewe uko hivi: meli ya hifadhi, Ranger III, hutoka Houghton, Michigan, na kuchukua kama saa 6 hadi Rock Harbor; Isle Royale Queen IV hutoka Copper Harbor, pia Michigan, kwa saa 3 na nusu hivi, nayo huishia Rock Harbor; kutoka Grand Portage, Minnesota, boti hufika Windigo kwa kati ya saa moja na nusu na saa mbili. Ndege ya majini haizidi saa moja. Angalieni na saa zenu, kwa sababu kisiwa hufuata saa za mashariki na Minnesota iko nyuma kwa saa moja. Kukosa boti kwa sababu hiyo ni kosa rahisi mno.

Greenstone: mgongo wa kisiwa

Hii ndiyo njia ambayo watu wengi huiota. Inafuata uti wa mgongo wa kisiwa, takriban kilomita 65 kutoka Windigo hadi ncha ya mashariki, na makundi mengi huigawa katika siku 4 au 5.

*Kufika na kuondoka.* Mnaingilia mlango mmoja na kutokea mwingine, na hapo ndipo pesa hupotea. Walioacha gari Grand Portage hupendelea kushuka Windigo, kutembea hadi Rock Harbor, kisha kurudi na Voyageur II, boti inayokizunguka kisiwa na kulala Rock Harbor. Haisafiri kila siku. Pangeni siku za kutembea kutokana na siku za boti, na nafasi zikatwe mapema.

*Ardhi.* Kilele cha juu, Mount Desor, kina mita 425 juu ya usawa wa bahari, wakati ziwa lenyewe liko kwenye mita 183. Ukisikia "mlima" usiogope. Kinachochosha ni kupanda na kushuka kusikoisha, hasa kwa sababu kambi haziko mgongoni. Kila jioni mnashuka kwenye ziwa, kila asubuhi mnapanda tena mkiwa na shanta. Upande wa magharibi ni msitu, na mtatembea saa nyingi chini ya miti bila kuona ziwa. Kuanzia katikati kuelekea mashariki miamba inajitokeza na anga linafunguka.

*Maji na malazi.* Mgongoni hakuna maji ya kutegemea, jazeni chupa kabla ya kupanda. Kambi za South Lake Desor, Hatchet Lake na Chickenbone ziko kando ya maziwa ya ndani na ni za hema tu. Mkikaribia mwisho, Daisy Farm na Three Mile ziko kwenye pwani na zina vibanda vya mbao vyenye wavu wa mbu upande wa mbele. Havikodishwi wala kuwekewa nafasi: aliyetangulia kufika, kibanda ni chake, mwisho watu 6 kwa kibanda. Mwezi wa Juni, mbu na usubi wakiwa wameshika doria, mtaelewa kwa nini watu huamka alfajiri kukiwahi.

*Mtakachokiona.* Mount Ojibway kuna mnara, na karibu na Mount Franklin mgongo huwa wazi kiasi cha kuona Kanada ng'ambo ya maji. Musi huonekana zaidi kwenye maziwa ya chini kuliko juu.

*Akiumia mmoja.* Siku ya kwanza mnarudi Windigo na ya mwisho mnasukuma hadi Rock Harbor. Katikati, karibu na Hatchet Lake, mko mbali na kila kitu. Njia hii inapitwa na watu wengi zaidi, hivyo msaada wa kibinadamu haukosekani, lakini bado atatembea.

Inafaa kundi ambalo wote wamewahi kulala nje angalau mara chache, na wanaotaka kuweza kusema wamekivuka kisiwa kutoka ncha hadi ncha. Haiwafai wenye siku 3.

Minong: ile ya kubishania

Wale wanaosema "Greenstone ni ya watalii" humaanisha hii. Inakwenda sambamba na Greenstone upande wa kaskazini, takriban kilomita 50 kutoka Windigo hadi McCargoe Cove, na inajulikana kuwa ndiyo ngumu kuliko zote kisiwani.

*Ardhi* nitaianza, kwa sababu ndiyo habari yenyewe. Ni mwamba mtupu unaopanda na kushuka, njia isiyosawazishwa, na mahali pengi alama pekee ni marundo madogo ya mawe. Kwenye ukungu marundo hayo hupotea, na mtu anayezungumza sana huyapita bila kuyaona. Chini, kati ya mwamba na mwamba, kuna vinamasi na mabwawa ya biva, yule mnyama anayeziba vijito kwa magogo na matope. Mnaweza kulazimika kuvuka juu ya boma lake, magogo yanayoteleza, maji upande mmoja na tope upande wa pili. Siku ya kwanza kutoka Windigo hadi North Lake Desor ni kama kilomita 20, hakuna kambi katikati, na sehemu ndefu haina maji. Mtu aliyezoea kutembea kilomita 20 kwa saa 5 ataziona zikimchukua siku nzima.

*Kufika na kuondoka.* Kuanzia Windigo ni rahisi. Kumalizia McCargoe Cove kuna namna mbili: Voyageur II hupita hapo ikielekea Rock Harbor, ama mwendelee kwa miguu siku mbili hivi mkipitia Greenstone au Daisy Farm. Mkichagua boti, mtafungwa na siku yake. Mkichelewa kwa siku moja mwambani, imewapita.

*Maji na malazi.* Baada ya siku ile ya kwanza mambo hulegea. Todd Harbor na Little Todd Harbor ziko kwenye pwani ya Superior, maji ni baridi na safi machoni (chujeni hata hivyo), na McCargoe Cove ina vibanda.

*Mtakachokiona.* Upweke, kwanza kabisa. Kisha historia ya shaba: wenyeji wa eneo hili walichimba shaba kisiwani maelfu ya miaka iliyopita, na karibu na McCargoe Cove mashimo yao bado yanaonekana, pamoja na mabaki ya mgodi wa karne ya 19. Jina Minong lenyewe ndilo Waojibwe, wenyeji wa asili wa eneo hili, walilokiita kisiwa. Mkiokota kipande cha jiwe la kuvutia, kirudisheni. Kuondoka nacho hairuhusiwi.

*Akiumia mmoja.* Hapa sitalainisha maneno. Kifundo kikiteguka kati ya Windigo na North Lake Desor, hamna njia ya mkato. Kundi la Minong liwe na kifaa cha setilaiti cha kuitia msaada, na mtu zaidi ya mmoja ajue kukitumia.

Inafaa watu 2 hadi 4 wenye mwendo unaolingana. Nasisitiza mwendo unaolingana. Watu wawili wa wastani watafurahia Minong kuliko kundi la watano lenye shujaa mmoja mbele na mmoja anayelia nyuma.

Feldtmann: mzunguko unaorudi nyumbani

Feldtmann haina jina kubwa, na mimi naona hilo ndilo zuri lake. Ni mzunguko wa kusini-magharibi, takriban kilomita 48, unaoanzia na kuishia Windigo: Feldtmann Lake, kisha Siskiwit Bay, kisha Island Mine, na kurudi.

*Kufika na kuondoka.* Mlango ni mmoja. Boti ya kuja ndiyo ya kurudi, gari liko palepale Grand Portage, hakuna hesabu ya kuzunguka kisiwa. Kwa kundi ambalo kupata likizo ya pamoja tu kumewachukua miezi, wepesi huu si jambo dogo. Safari ya boti nayo ina lake: karibu na Windigo imelala meli ya America, iliyozama mwaka 1928, na maji yakitulia sehemu yake ya mbele huonekana chini kidogo tu ya uso wa ziwa.

*Ardhi.* Siku ya kwanza, kilomita 14 hivi, si ya mateso. Ya pili ndiyo ndefu: kilomita 16 au 17 za kupanda ukingo wa Feldtmann, kupita kwenye mnara wake, na kushuka hadi Siskiwit Bay. Mvua ikinyesha, majani marefu yatawalowesha hadi kiunoni. Siku zinazobaki ni fupi, na Island Mine inaweza kurukwa na wenye nguvu.

*Maji na malazi.* Kati ya Feldtmann Lake na Siskiwit Bay msitegemee maji; kila mmoja abebe ya kutosha. Feldtmann Lake ni ya hema, Siskiwit Bay ina vibanda na gati.

*Mtakachokiona.* Musi. Eneo hili lina vinamasi wanavyovipenda, na kukutana nao asubuhi ukingoni mwa ziwa ni jambo la kutarajiwa ingawa si la kuahidiwa. Watafiti wamekuwa wakiwafuatilia musi na mbwa mwitu wa kisiwa hiki tangu 1958. Mbwa mwitu waliwahi kubaki wawili tu kabla ya wengine 19 kuletwa kati ya 2018 na 2019, na hesabu ya 2024 ilitoa mbwa mwitu 30 na musi wapatao 840. Mbwa mwitu hamtawaona. Mtaona nyayo zao njiani, na huenda mkawasikia usiku. Septemba ni msimu wa musi dume kutafuta majike, na dume wa Septemba hapigwi picha kwa karibu. Kutoka Feldtmann Lake kuna njia fupi ya kwenda Rainbow Cove, isiyofika kilomita moja na nusu. Nendeni jioni bila mashanta mkaone jua likizama ziwani.

*Akiumia mmoja.* Afadhali kuliko Minong, kwa kuwa usiku wa kwanza na wa mwisho mko umbali wa siku moja kutoka Windigo. Siku ya pili ndiyo ya kuangaliwa.

Inafaa wenye siku 4, wanaopenda wanyama kuliko sifa, na wanaotaka kuwa peke yao bila kupigana na mwamba.

Rock Harbor: kukaa na kutembea

Wenye kiburi cha njia ndefu huidharau hii. Wanakosea. Mnaweza kufika kwa meli kutoka Houghton au Copper Harbor, mkatembea na mizigo siku moja tu au mbili, kisha mkaweka kambi na kuzunguka mkiwa na chupa ya maji na koti la mvua.

Kutoka Rock Harbor hadi Three Mile ni kilomita 4 na kitu, hadi Daisy Farm ni kama 11 na nusu, na Moskey Basin iko kilomita 6 mbele yake. Zote ziko kando ya maji, kwa hiyo suala la kiu halipo, na zote zina vibanda. Ila msidhani pwani ni tambarare: njia ya ukingoni imejaa mawe na mizizi, na huchosha vifundo kuliko inavyoonekana kwenye ramani. Kuna watu wengi pia. Kambi zilizo karibu zaidi, yaani Rock Harbor na Three Mile, zina kikomo cha usiku mmoja, hivyo kituo chenu cha kudumu kiwe Daisy Farm au Moskey Basin. Kutoka Daisy Farm mnapanda hadi mnara wa Mount Ojibway na kurudi kabla ya chakula cha mchana, nanyi mmeona sehemu bora ya Greenstone bila kuibeba. Kutoka Rock Harbor kuna mzunguko wa Scoville Point, kilomita 7 hivi, wenye mwamba na mawimbi pande mbili.

Goti likivimba hapa, kuna boti ya kukodi inayofika Daisy Farm na Moskey Basin, na Rock Harbor kuna walinzi wa hifadhi, duka, mgahawa, bafu na hata vyumba vya kulala. Hakuna njia nyingine kati ya hizi nne inayowapa hayo.

Inafaa kundi lenye mtu wa viatu vipya, lenye kijana mdogo, au marafiki ambao hawajaonana siku nyingi na lengo lao kubwa ni kuzungumza. Kwenye Minong hakuna anayezungumza.

Sasa, ninyi ni akina nani?

Mna siku 3 za kisiwani: Rock Harbor. Kulazimisha mzunguko wa Feldtmann kwa siku hizo inawezekana, lakini mtakimbia.

Mna siku 4 na gari liko Minnesota: Feldtmann kwanza. Mkiwa wazoefu, wachache na wenye mwendo mmoja, na siku ya Voyageur II ikalingana na yenu, fikirieni Minong hadi McCargoe Cove.

Mna siku 6 au zaidi, na wote mmeshafanya zoezi la kutembea na shanta lililojaa nyumbani: Greenstone, mkiacha siku moja mwishoni kwa ajili ya Scoville Point na boti inayoweza kuchelewa.

Mnakwenda Juni: tangulizeni njia yenye vibanda, yaani Rock Harbor. Agosti mwishoni mbu hupungua na matunda pori yameiva, na uchaguzi unakuwa huru zaidi.

Mko 7 au zaidi: ombeni viwanja vya makundi kwanza, njia itajichagua kufuatana na vilivyopatikana.

Na kama mmegawanyika kabisa, nusu wanataka Minong na nusu Greenstone, si lazima mmoja ashindwe. Njia zote mbili huanzia Windigo, na kutoka McCargoe Cove hadi Daisy Farm ni kama kilomita 13. Gawanyikeni mkishuka kwenye boti, kila upande na kibali chake, jiko lake na chujio lake, kisha mkutane Daisy Farm. Wa Greenstone huenda wakafika siku moja mapema. Wapeni chai na sukari wabebe wao.